Mama Aliyemfunga Dada Mkanda

Jirani yangu hapa Babati alianika ngano wiki kadhaa zilizopita. Haikuwa nyingi, gunia moja hivi aliloletewa na mkwewe kutoka Hanang. Aliimwaga juu ya turubai kuukuu lenye madoa ya dizeli, jua likapiga, na upepo ukaniletea ile harufu mpaka jikoni. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikaepua sufuria, nikakaa kwenye kigoda, nikalia. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, ni vitunguu?" Nikamwambia ndiyo, ni vitunguu. Mtoto wa umri wake ukianza kumweleza habari za ghala na karate ataenda kumwambia mama yake kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Ninyi wa rika langu mtanielewa, hasa mliokulia kule uwandani wakati mashamba ya ngano ya serikali bado yana uhai.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa ghala kubwa la shamba. Sisi tulikaa nje kidogo ya kambi, upande wa Masakta, kwenye shamba letu la mahindi na maharage, pamoja na ng'ombe wachache ambao mama aliwapenda kuliko alivyotupenda sisi, na hakuficha. Ghala lenyewe lilikuwa la bati, refu, sakafu yake ya saruji baridi kama maji ya asubuhi. Baada ya mavuno lilijaa magunia mpaka kwenye paa. Malori yakishayabeba yote kwenda Arusha, linabaki tupu kabisa, vumbi la ngano linaelea kwenye mwanga wa madirisha, na ukikohoa kule mwisho unajisikia unakohoa tena huku mlangoni. Kipindi hicho cha utupu ndicho kilichokuwa kipindi chetu.

Siku moja mama alinituma nimpelekee baba chakula. Nilipoingia ghalani nilimkuta mtu peke yake katikati ya sakafu, miguu peku, suruali imekunjwa. Alikuwa anakwenda polepole, anageuka, anakinga kitu, anapiga ngumi, anarudi nyuma, anageuka tena. Hakukuwa na mtu mbele yake. Nilisimama pale na bakuli langu nikaamini kwamba yule bwana anapigana na mtu ambaye mimi sijajaliwa kumwona, na kwamba anashinda. Lakini adabu ni adabu, huwezi kuingia mahali penye watu wazima ukapita kama mbuzi. Nikasema, "Shikamooni," niwaenee wote wawili.

Yule bwana akasimama, akacheka mpaka akakaa chini. "Marahaba," akasema. "Na mwenzangu naye anasema marahaba, hujambo?"

Huyo ndiye Fundi Shabani. Alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, mtu wa Korogwe, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo hata mafundi wenzake waliinamisha vichwa kuisikia. Goti lake la kushoto lilikuwa limeumizwa na mnyororo wa mashine, kwa hiyo alitembea kwa kuchechemea. Karate alijifunza Dar es Salaam alipokuwa chuo cha ufundi, na kule uwandani hakuwa na mwenzake wa kucheza naye, ndiyo maana alicheza na hewa. Baadaye alitueleza kwamba ule mfululizo wa hatua unaitwa kata, kwamba umetoka kwa wazee wa mbali sana walioupokea kwa wazee wao, na kwamba unaucheza vilevile walivyoucheza wao, bila kuongeza mbwembwe zako. Mama aliposikia hivyo alitulia kidogo. Kitu kinachotoka kwa wazee hakikumsumbua sana.

Basi watoto wa wafanyakazi tukaanza kukusanyika. Kwanza wavulana, kisha sisi wasichana, mimi nikiwa miongoni mwa wadogo, na dada yangu Martina akiwa mkubwa kuliko wote. Dada Martina alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Sikumbuki kama alilia. Alichukua jembe kesho yake, akaenda shambani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache. Alikuwa mrefu, mabega ya kubeba maji, na alikuwa na namna ya kusimama ambayo ukimwona unaona hakuna wa kumsogeza. Fundi alimtazama siku ya kwanza tu akasema, "Huyu amezaliwa amesimama."

Suti za karate tulishona kwa mifuko ya unga, ile ya kitambaa cheupe. Mama zetu waliifua na kuifua, lakini maandishi hayakutoka yote, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na herufi za buluu mgongoni. Ya Dada Martina ilikuwa na picha ya nusu ya suke la ngano, hapa chini ya bega. Wavulana walimtania wakamwita Unga Safi. Waliacha baada ya kucheza naye.

Fundi alitufundisha jambo moja ambalo mpaka leo naona ni la ajabu. Katika mashindano, alisema, ngumi nzuri ni ile inayofika bila kugusa. Unaipeleka kwa nguvu zako zote, halafu unaizuia pale pale kwenye ngozi ya mwenzako, na mwamuzi anakupa pointi. Ukimuumiza umekosea. Ili tujifunze, alichomeka suke la ngano kwenye ufa wa nguzo, ndevu zake zikitutazama, na kila mmoja alipaswa kupiga ngumi mpaka zile ndevu zimwashe kidogo kwenye vidole, lakini suke lisiyumbe. Mimi nililivunja kila mara. Wavulana walilivunja. Dada Martina alipiga asubuhi moja mfululizo, ngumi zake zinalia kwenye hewa, na suke likabaki limesimama kama lilivyokuwa shambani. Fundi alilitoa lile suke akaliweka mfukoni mwa shati.

Jambo la pili alilotufundisha ni kuinama. Kabla ya kucheza unainama mbele ya mwenzako, naye anainama, na mwisho hivyo hivyo. Hata Fundi mwenyewe aliinama mbele yetu. Siku mama alipokuja kuniita nikakamue ng'ombe, alifika mlangoni wakati huohuo, akamwona mtu mzima mwenye mke na kazi ya serikali anainamia watoto. Alishika kichwa.

"Fundi," alisema, "unawaamkia watoto?"

"Siwaamkii, mama. Humu ndani sote ni sawa. Hakuna mkubwa wala mdogo."

"Na wakitoka nje?"

"Wakitoka nje wataniamkia kama kawaida."

Mama alimtazama kwa muda. "Haya," akasema, "lakini mtoto hana kichwa cha ndani na kichwa cha nje. Ana kimoja." Akanichukua tukaenda zetu kwa ng'ombe. Tulicheka sana siku ile tukimwigiza mama, hata Fundi alicheka. Ningekuwa na akili ya leo nisingecheka.

Hapa lazima niwaeleze wale ambao hawakukulia kwetu. Kwetu kumwinulia mkono mtu mkubwa ni jambo zito, na mkubwa ni yeyote uliyempa shikamoo naye akaitikia. Hata kama hukumpiga. Kuinua mkono tu kunatosha. Binamu yetu mmoja aligombana na baba yake mdogo kwa ajili ya ndama, akainua fimbo, kisha akaishusha mwenyewe bila kumgusa. Pamoja na hayo, nyumba yao nzima ilikaa pembeni. Majirani hawakuwaazima moto wala kuwapa maji, watoto wao hatukucheza nao, hata kanisani walikaa benchi la nyuma peke yao, mpaka wazee wakaketi, kondoo akachinjwa na maneno yakasemwa. Mama yake alikonda mpaka gauni likamshuka. Sisi watoto tuliyaona yale, hakuna aliyehitaji kutufafanulia.

Kule ghalani jambo hilo halikuwahi kuja, na hapo ndipo penye uchungu wangu. Sote tulikuwa watoto. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Mkubwa alikuwa mmoja tu, Fundi, naye kwa sababu ya goti hakucheza na mtu, alisimama pembeni anaelekeza. Kwa hiyo Dada Martina alipiga ngumi zake kwa raha, na Fundi hakuwa na namna ya kujua kwamba kuna mtu ambaye mkono wa mwanafunzi wake hautamwinukia.

Kisha kukawa na sherehe ya shamba, na miongoni mwa wageni alikuwepo bwana mmoja wa kiwanda cha Arusha kilichokuwa na timu yake ya karate. Enzi hizo kiwanda kilikuwa kinaweza kumwajiri mtu kwa sababu anajua kucheza tu. Alimwona Dada Martina akicheza kata, akamwona akiwasambaratisha wavulana, akaja kwa baba. Alisema kuna mashindano Arusha kabla ya mavuno. Binti akija akashinda, kiwanda kinamchukua. Atafanya kazi mchana, atacheza jioni, na kuna masomo ya usiku kwa wafanyakazi, anaweza kusoma sekondari humo humo.

Masomo. Hilo ndilo neno lililomwamsha dada. Usiku ule tulilala kitanda kimoja kama kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo ya darasa la saba alizungumza mpaka nikasinzia. Atasoma, atakuwa mwalimu, ataninunulia viatu vyenye kamba. Baba alitafuna jambo lile siku kadhaa, halafu akatoa hukumu: aende mara moja. Akishinda, heri. Akishindwa, arudi shambani na asisikie tena mtu akimtajia karate. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba mimi niende naye, kwa kuwa msichana hasafiri na mwanamume peke yake hata kama mwanamume huyo ni mpole kama Fundi Shabani.

Tulikwenda na lori la shamba lililokuwa likifuata vipuri. Mlima Hanang ulibaki nyuma yetu mpaka shingo zikauma kwa kuutazama. Ukumbi ulikuwa wa shule moja, umejaa watu, na suti za wenzetu zilikuwa nyeupe pe, hazina maandishi. Dada aliitazama ya kwake, akaitazama yangu, akasema, "Wewe simama nyuma yangu wasisome." Tukacheka. Mechi ya kwanza alimpata msichana wa rika lake, ikaisha mapema mpaka watu wakauliza kama imeanza. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Watu wakaanza kuuliza huyu wa mifuko ya unga katoka wapi. Yule bwana wa kiwanda alikuwa amekaa mbele, na alimwonyesha Fundi dole gumba. Ilibaki mechi moja.

Tuliingia chumba cha kubadilishia nguo, dada anywe maji. Mkanda wake ulikuwa umelegea, na kwa haraka ya furaha akawa anafunga unafunguka. Mle ndani alikuwepo mama mmoja, mama hasa, mtu mzima, amemkalisha mtoto wake kwenye benchi anamlisha chapati. Alikuwa amevaa kanga juu ya nguo zake. Alipomwona dada anahangaika alisimama akaja. Dada, kama tulivyolelewa, alikunja goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete hapa." Akauvua ule mkanda, akaunyoosha, akamfunga dada kiunoni kwa fundo safi la kupendeza, akamgonga kidogo tumboni. "Hivyo ndivyo. Umetokea wapi?"

"Hanang, mama."

"Mbali. Umekula?" Akamkatia kipande cha chapati ya mwanawe. Dada alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha yule mama akavua ile kanga, na chini yake kulikuwa na suti nyeupe na mkanda. Mwanawe akamwambia, "Mama, mpige." Yule mama ndiye aliyekuwa mpinzani wa mechi ya mwisho.

Nilimwona dada anavyoacha kutafuna.

Walipoingia uwanjani waliinama, kila mmoja kwa mwenzake. Mwamuzi akaanzisha. Yule mama alikuwa mwepesi, akapeleka ngumi, dada akaikinga. Akapeleka teke, dada akalikinga. Kila kilichokuja dada alikikinga, mikono yake inakwenda na kurudi kama mtu anayepepeta, lakini haikwenda mbele hata mara moja. Mwamuzi alisimamisha akamwonya kwamba hachezi. Wakaanza tena, ikawa vilevile. Fundi Shabani, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alisimama kwa goti lake bovu akapiga kelele, "Mkono, Martina! Toa mkono!" Dada alikuwa anamsikia. Niliona masikio yake yanamsikia. Yule mama naye alionekana kushangaa, hata kuna mahali aliacha kifua wazi kabisa, nafikiri alimwonea huruma. Dada aliutazama ule uwazi. Mwishowe alichoka kukinga, pointi zikapita, kengele ikalia. Wakainama. Yule mama akamkumbatia, akamwambia kitu, na dada akajibu, "Ndiyo mama."

Nilikuwa na maelezo yangu tayari. Ni ule mkanda. Yule mama aliufunga kwa dawa, akasemea humo fundoni, akamlisha chapati ili ipite vizuri, na mikono ya dada ikafungwa. Mtu gani mwenye akili anamfunga adui yake mkanda? Nikiwa nyuma ya lori, dada amefunika uso kwa kanga, niliufungua ule mkanda polepole nikaupekua uzi kwa uzi nikitafuta hirizi. Nilipata vumbi la ngano tu. Nikaamini kwamba dawa imeshaingia mwilini.

Tulipofika Babati dereva alisimama kununua mahindi ya kuchoma. Fundi alikuja nyuma ya lori na mahindi matatu. Yule bwana wa kiwanda alikuwa ameshamwambia maneno yake kule Arusha, kwamba binti anakinga kama ukuta lakini ni mwoga, na timu inataka mtu wa kupiga. Fundi alimpa dada hindi, akasubiri kidogo.

"Martina," akasema, "uliogopa, siyo?"

Dada alilitazama lile hindi, na ninyi mngemwona msingesahau. Kisha akasema, "Ndiyo, Fundi."

"Si kosa lako," Fundi akasema. "Ni mimi nimekuleta kabla hujaiva. Nimemwaibisha mtoto wa watu." Akarudi mbele ya lori, na hindi lake akalitupa kwa mbuzi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Kambini habari ilifika kabla yetu, kwa namna ambayo habari mbaya hufika. Kwenye bwalo wakaitania "karate ya ngano", inayumba upepo ukivuma. Fundi alitukusanya ghalani mara moja tu, akasema mafunzo yamesimama, na mavuno yakaja magunia yakajaa. Ghala lilipokuwa tupu tena hakuanza upya. Tulimsubiri mlangoni siku nyingi na mifuko yetu ya unga mwilini. Alipita akichechemea kwenda karakana, tukasema "Shikamoo Fundi", akasema "Marahaba", akaendelea. Miaka si mingi baadaye mashamba yakaanza kuchoka, mashine zikaharibika zikabaki pale pale zilipoharibikia, na watu wa mbali wakaanza kurudi kwao. Yeye aliondoka hata sikumbuki siku gani, na hilo linaniuma pia.

Dada Martina alirudi shambani kama baba alivyohukumu. Aliolewa Gehandu, akazaa, akazika mume, akasomesha watoto wake wote kwa ng'ombe na mahindi. Hakuna mwenye la kumlaumu. Lakini mimi ni mdogo wake, nililala naye kitanda kimoja usiku ule alipozungumza, na najua aliyetakiwa kuwa. Kila nikimwona kwenye mikutano ya ukoo amekaa kimya mwishoni mwa benchi, watu wakimwita mpole, nasikia hasira ambayo sina wa kumpelekea.

Baada ya siku ile ya vitunguu nilianza kumwulizia Fundi. Niliuliza Katesh kwa familia moja ya wafanyabiashara waliokuwa wakileta sukari na kanga kambini, kwa kuwa walikuwa wakiswali naye. Kijana wao akauliza huku na huku, akanipigia. Fundi Shabani alishafariki, amezikwa kwao Korogwe. Lakini binti yake yupo, na namba yake hii hapa. Nikaona habari ya namna hiyo haipelekwi kwa simu, nikapanda gari mpaka Gehandu.

Nilimkuta dada anapukuchua mahindi uani. Nilimwambia. Aliweka gunzi chini, akajifuta mikono, akasema "Mungu ampokee." Ndipo nikamwuliza kitu ambacho nilidhani nimekijua maisha yangu yote.

"Dada, yule mama wa Arusha alikufanya nini?"

"Alinifanya nini? Alinifunga mkanda."

"Mbona hukumpiga?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakutembea uchi. "Si nilikuwa nimeshamwamkia. Na akaitikia. Na chapati yake nimekula."

"Lakini ngumi yenyewe haigusi, dada. Ungeishia kwenye ngozi. Wewe ndiye uliyeweza kuliko wote."

"Binamu yetu fimbo yake iligusa wapi?" alisema. "Nilikuwa naona nyumba yetu. Namwona mama gauni linamshuka. Nilijaribu, usifikiri sikujaribu. Nilijiambia humu ndani sote ni sawa, kama Fundi alivyosema. Mkono ukakataa."

Nikamwuliza kwa nini hakumweleza Fundi pale Babati, alipomwuliza. Neno moja lilitosha. Fundi alikuwa mtu wa kuelewa, angecheka, angempeleka tena akamwambia leo ingia kimya, usimwamkie mtu.

"Hakuuliza," dada alisema. "Alisema niliogopa. Mtu mzima, mwalimu wangu, ameshasema. Ningembishia?"

Basi nililia tena, na safari hii hapakuwa na vitunguu. Yeye hakulia. Aliuliza kama Fundi ameacha watoto. Nikamwambia ninayo namba ya binti yake.

"Mkubwa kwangu au mdogo?"

"Mdogo, dada. Mdogo sana kwetu."

"Basi huyo naweza kumwambia," akasema. "Piga."

Nikapiga, nikaweka spika, nikashika simu katikati yetu. Sauti ya mwanamke ikaitika. Nikajitambulisha, nikatoa pole, nikasema kuna dada yangu anataka kuzungumza.

"Shikamoo mama," binti akasema.

"Marahaba mwanangu." Dada Martina alisimama. Simu ilikuwa mkononi mwangu lakini alisimama wima kabisa, mikono pembeni, kama alivyosimama ghalani. "Mimi ni Martina wa Hanang. Baba yako alinifundisha karate, akanipeleka Arusha. Alidhani nilishindwa kwa sababu aliniwahisha. Haikuwa hivyo. Alinifundisha vizuri, na sikuogopa. Nilitaka ujue."

Kule Korogwe nikasikia redio ikizimwa.

"Samahani mama," yule binti akasema, "karate? Baba yangu alijua karate?"

Dada alinitazama. Kisha akakaa chini kwenye mahindi yake, akavuta simu karibu, akaanza kumweleza tangu mwanzo.